Kutafuta wakili Marekani: tarehe kwanza, bei baadaye

Alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi: bili za hospitali, barua za bima, picha ya goti lililovimba. Mama wa Fizi, kule Kongo, anakaa Louisville, Kentucky. Aliteleza dukani kwenye sakafu iliyokuwa na maji, akavunjika. Dada yake anayekaa Indianapolis alimtuliza kwa simu: "Usiwe na haraka, huku tuna miaka miwili ya kushtaki." Dada hakudanganya. Indiana ni miaka miwili. Kentucky, kwa mtu aliyeumia kwa kuanguka namna ile, ni mwaka mmoja, na mama alikuja mwezi wa kumi na tatu. Kutoka Louisville kwenda Indiana ni kuvuka daraja la mto Ohio tu.

Mimi nilikuwa mkalimani siku hiyo. Wakili alisikiliza kama dakika kumi, akauliza tarehe ya kuanguka, akaweka kalamu chini. Sikuwa na cha kutafsiri zaidi ya "muda umepita, mama".

Mimi si wakili, na haya siyo ushauri wa kisheria kwa kesi yako. Ni yale ambayo mtu hujifunza akikaa miaka mingi kwenye kiti cha katikati, kati ya mteja na wakili, akisikia maswali yaleyale. Nimebadilisha vitu vidogo ili mtu asitambulike. Na swali ninalolisikia kuliko yote ni "wakili ni bei gani?" Ni swali zuri, ila liwe la pili.

Kwanza jua sheria ipi inakugusa

Marekani ina sheria za aina mbili zinazotembea pamoja. Kuna za shirikisho, zilezile kutoka Maine hadi Arizona: uhamiaji, kufilisika, malipo ya ulemavu ya Social Security, kima cha chini cha mshahara cha taifa. Halafu kuna za jimbo, na humo ndimo yalimo mengi yanayotukuta nyumbani na barabarani: ajali, talaka, malezi ya watoto, nyumba ya kupanga, madeni, fidia ya kuumia kazini, na makosa mengi ya jinai.

Tofauti hii ndiyo inayoamua wakili gani anaweza kukusaidia. Leseni ya uwakili hutolewa na jimbo. Wakili wa Ohio hawezi kuamka asubuhi akasimama katika mahakama ya jimbo la Texas kwa kesi yako ya talaka. Lakini kwa uhamiaji, wakili mwenye leseni hai ya jimbo lolote anaweza kukuwakilisha mbele ya USCIS, ofisi ya serikali inayopokea maombi ya uhamiaji, na mbele ya mahakama ya uhamiaji popote ulipo. Ndiyo maana binamu yako wa Columbus anaweza kukupa wakili wake wa hifadhi nawe uko Tucson, ila wakili wake wa ajali hakufai.

Jirani kukupa uzoefu wake ni wema, lakini muulize kwanza: "Hiyo ilikuwa jimbo gani?" Mifano michache uone umbali uliopo kati ya jimbo na jimbo.

Kuumia kwa uzembe wa mtu mwingine: Tennessee mwaka mmoja, Texas na California miaka miwili, New York mitatu, Maine sita. Florida ilikuwa minne, mwaka 2023 ikashushwa hadi miwili, kwa hiyo hata aliyeishi huko muda mrefu anaweza kukupa jibu la zamani. Na kama aliyekuumiza ni serikali, tuseme basi la jiji au shimo la barabarani, kuna taarifa ya maandishi inayotakiwa mapema zaidi: New York ni siku 90, California miezi sita. Watu wengi huanguka hapo, kwa kuwa wanahesabu ule muda mrefu.

Kufukuzwa nyumba kwa kodi: notisi ya Ohio ni siku tatu, Arizona siku tano, New York na Minnesota siku 14. Siku tatu ni kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni haingoji mtu atoke zamu ya usiku, alale, aamke, halafu amtafute mtoto wa shule amsomee.

Talaka: Nevada unatakiwa uwe umekaa wiki sita, Kentucky siku 180, Texas miezi sita ndani ya jimbo na siku 90 katika kaunti. North Carolina inawataka mume na mke wawe wamekaa mbalimbali mwaka mzima kwanza. Na kuna majimbo tisa, Texas, California na Arizona yakiwemo, ambako mali iliyochumwa ndani ya ndoa huhesabiwa ya wote wawili, hata kama jina kwenye hati ni moja.

Sasa hili la "pole". Kwetu mtu akigongwa unamwambia pole, hata kama wewe ulikuwa umesimama tu unaangalia. Ni utu. Lakini kwa Kiingereza pole hugeuka "sori", na polisi akiiandika kwenye ripoti yake, bima huisoma kama umekiri kosa. Mahali pengine hasara yake si kubwa, maana hugawa kosa kwa asilimia na kukupunguzia fidia. Ila Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia zina kanuni kali: ukionekana umechangia ajali hata kidogo, unaweza kukosa fidia yote. Greensboro na Raleigh kuna Waswahili wengi, na wengi wao hawajawahi kuambiwa. Muulize mtu kama ameumia, ita msaada, lakini acha maneno ya samahani mpaka uzungumze na wakili wako.

Andika tarehe kabla ya kupiga simu

Chukua karatasi moja. Juu kabisa andika jambo lilipotokea: mji, kaunti, jimbo. Chini yake andika tarehe lilipotokea, tarehe ya kila barua uliyopokea, na tarehe yoyote iliyochapishwa ndani ya barua hizo. Bahasha usitupe, muhuri wa posta ni ushahidi. Ukipokea samansi, tarehe unayoitafuta ni ile ya kujibu au ya kufika mahakamani. Usipofika, mwenzio anaweza kushinda bila kuulizwa neno. Aliyeingia nchini akitaka hifadhi ana mwaka mmoja tangu kuingia wa kuwasilisha ombi, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika.

Karatasi hii ndiyo utakayosoma kwenye simu. Ofisi ya wakili ikikupokea, msaidizi wake atataka vitu vitatu: jina lako, jina la upande wa pili, na tarehe. Jina la upande wa pili si umbea. Wanaangalia kama ofisi yao haimtetei huyohuyo mnayegombana naye.

Wapi wakili anapatikana, na nani si wakili

Hapa pana mtego uliotengenezwa kwa ajili yetu, ingawa aliyeutega hakujua. Nairobi au Dar es Salaam, kibao cha ofisini kinaandikwa "Advocate, Commissioner for Oaths & Notary Public". Aliye notari kule ni wakili. Marekani notari ni mtu yeyote aliyepewa ruhusa ya kushuhudia sahihi: karani wa benki, mwenye duka la kutuma vifurushi, jirani yako. Katika majimbo mengi hakusomea sheria hata siku moja. Mtu akifungua ofisi yenye neno hilo mlangoni na kuanza kujaza fomu za uhamiaji kwa dola mia tano, mgeni wa Afrika Mashariki anaona kila kitu kiko sawa. Wenzetu wa Amerika ya Kusini wameumizwa na jambo hilohilo, kwa kuwa "notario" kwao ni mwanasheria mkubwa, mpaka majimbo kadhaa, Texas na California zikiwemo, yakakataza notari kujitangaza kwa jina hilo.

Kwa uhamiaji, wanaoruhusiwa kukuwakilisha kama kazi ni wa aina mbili: wakili mwenye leseni, na mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani anayefanya kazi ndani ya shirika linalotambuliwa. Mashirika mengi yanayopokea wakimbizi yana mtu wa aina hii ya pili, na bei yao huwa ya chini. Kipimo ni rahisi: anayekuwakilisha kweli mbele ya USCIS hujaza na kusaini fomu G-28, na katika mahakama ya uhamiaji fomu EOIR-28. Anayechukua pesa zako lakini hataki jina lake lionekane popote, huyo ondoka kwake. Usisaini fomu yenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala.

Mahali pa kuanzia ni chama cha mawakili cha jimbo au cha kaunti yako. Wengi wana huduma ya kukuelekeza kwa wakili wa aina ya kesi yako, na mara nyingi nusu saa ya kwanza ni bure au kwa ada ndogo. Jina lolote utakalopewa, hata na mchungaji au shehe wa msikiti, litafute kwenye tovuti ya chama hicho au ya mahakama kuu ya jimbo. Utaona kama leseni iko hai, na majimbo mengi huonyesha pia kama amewahi kuadhibiwa. Kazi hiyo ni ya dakika tano.

Arizona ina kitu cha ziada: tangu 2021 kuna wataalamu wa sheria wasio mawakili kamili ambao mahakama imewapa leseni ya kushughulikia mambo ya familia, nyumba ya kupanga na kesi nyingine ndogo. Hao ni halali kabisa.

Na yule anayekufuata hospitalini, ukiwa bado na bandeji, akisema "nina wakili mzuri, saini hapa"? Tanzania tungemwita dalali, Wakongo wangesema komisyonere. Maadili ya mawakili yanakataza kumvizia mgeni ana kwa ana ili kumtafutia wakili kazi, na karibu kila jimbo linamkataza wakili kugawana ada yake na mtu wa namna hiyo. Wakili anayeanza kwa kuvunja kanuni zake mwenyewe, sioni atakavyozitii zako.

Kikao cha kwanza, na suala la lugha

Unayoyasema kikaoni ni siri hata kama hutamwajiri. Kwa hiyo sema yote, pamoja na yanayokuaibisha. Wakili anaweza kufanya kazi na aibu. Asichoweza ni kuisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa upande wa pili.

Usimpeleke mtoto wako akatafsiri. Najua anajua Kiingereza kuliko wewe. Lakini mtoto wa miaka kumi na tatu hawezi kutafsiri talaka ya wazazi wake, na akikosea kitu atakibeba. Uliza ofisi unapopiga simu: "Mtalipa ninyi mkalimani, au mimi?" Mahakamani, majimbo mengi hutoa mkalimani bila malipo ukiomba mapema kwa karani. Mahakama ya uhamiaji huleta mkalimani wake. Kwenye usaili wa hifadhi wa USCIS, mwombaji ndiye anayeleta mkalimani.

Na unapoomba, usiseme "Kiswahili" ukaishia hapo. Sema Kiswahili cha wapi. Niliwahi kusikia shahidi wa Uvira, Kongo, akisema, "Nilikamata ile feza kwa boss." Kwao kukamata ni kuchukua, kupokea tu. Mkalimani aliyekuwa kwenye simu, mtu wa pwani, akaitafsiri kwa neno la Kiingereza linalomaanisha kunyang'anya. Chumba kizima kikanyamaza. Ilichukua robo saa kurudisha kesi mahali pake, na robo saa hiyo wakili aliitoza. Kama wakili kwako ni "avoka", muombe mkalimani wa Kongo. Kama unawaza kwa Kibembe au Kizigua na Kiswahili ni lugha ya pili, sema hivyo pia.

Maswali ya kumuuliza wakili, kwa mpangilio ninaoupenda mimi:

"Siku yangu ya mwisho ni lini, na utaiandika wapi?"
"Kesi kama yangu umefanya ngapi katika kaunti hii?" Kaunti, maana anayewajua mahakimu na makarani wa pale hupata mambo haraka.
"Nani hasa atakayeshika faili langu, wewe au msaidizi?"
"Ukiwa mimi, ungeshtaki au ungeacha?"
"Una bima ya makosa ya kikazi?" Majimbo mengi hayamlazimishi wakili kuwa nayo, Oregon na Idaho yanalazimisha. Kuuliza si matusi.

Akikuhakikishia ushindi, ogopa.

Pesa

Tuanze na jambo linalowashangaza waliokulia kwetu. Kenya na Tanzania, kwa kawaida aliyeshindwa hulipa gharama za aliyeshinda. Marekani kila mtu hulipa wakili wake, ashinde ashindwe. Unaweza kushinda dai la dola 3,000 ukawa umemlipa wakili 4,000, na hakuna wa kukurudishia. Ziko sheria zinazogeuza hilo. Mwajiri aliyekunyima malipo ya saa za ziada, yaani zile zinazozidi 40 kwa wiki, chini ya sheria ya shirikisho hulipa pia wakili wa mfanyakazi akishindwa. Ndiyo maana wakili wa madai ya mshahara anaweza kukubali kesi yako nawe huna hata senti. Dai hilo lina miaka miwili, au mitatu kama mwajiri alifanya kwa makusudi.

Ada huja kwa namna tatu.

Ya kwanza ni bei moja kwa kazi moja: fomu za uhamiaji, wosia, tiketi ya barabarani, talaka isiyo na ugomvi. Unajua mapema. Uliza tu kilicho nje yake, kwa sababu ada za serikali na mahakama karibu kila mara ni juu yako.

Ya pili ni ya saa, na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Bei hutofautiana sana kati ya mji mdogo na jiji kubwa. Dola 200 hadi 500 kwa saa utazisikia mara nyingi. Saa hukatwa vipande vya dakika sita. Kwa wakili wa dola 300, kila kipande ni dola 30. Ukimtumia ujumbe asubuhi, mwingine mchana, mwingine jioni, na kila mmoja akauhesabia vipande viwili, siku hiyo umetumia dola 180. Yaleyale matatu ukiyaandika kwenye ujumbe mmoja, huenda ikawa vipande vitatu, dola 90. Sisi ni watu wa salamu: habari za nyumbani, watoto, mzee anaendeleaje na presha. Kwa wakili wa saa, salamu zina bei. Andika maswali yako, piga simu mara moja, na maswali ya tarehe na makaratasi muulize msaidizi, ambaye saa yake ni nafuu.

Wakili wa saa kwa kawaida hutaka kitangulizi, wengi hukiita riteina. Si bei ya kesi. Ni amana. Inatakiwa ikae kwenye akaunti maalumu ya pesa za wateja, na yeye achote kadiri anavyofanya kazi, akikuonyesha hesabu. Ikibaki, ni yako, anairudisha. Baba mmoja alinitolea risiti ya dola 2,500 akisema, "Talaka nimeshalipa yote." Alikuwa amelipa mwezi mmoja na nusu. Akisema kitangulizi "hakirudi", mwombe akuonyeshe kanuni ya jimbo lake inayomruhusu.

Ya tatu ni ya asilimia: hulipi kitu mwanzoni, wakili anachukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi, na asilimia 40 kesi ikifika mbali. Hii kwa Mkenya ni ngeni, maana sheria ya mawakili kule inaikataza. Huku ni ya kawaida kwa ajali, lakini lazima iwe kwa maandishi, na hairuhusiwi kwa kesi ya jinai wala talaka. Florida inampa mteja siku tatu za kazi za kubadili mawazo baada ya kusaini.

Asilimia ya nini, lakini? Tuseme fidia ni dola 30,000 na gharama za kesi, yaani rekodi za hospitali, ada ya mahakama, mtaalamu, ni 1,800. Wakili akikata theluthi kwanza, anachukua 10,000, gharama 1,800, zinabaki 18,200. Gharama zikitolewa kwanza, theluthi inakuwa 9,400, zinabaki 18,800. Dola 600 za tofauti kwa sababu ya sentensi moja ambayo mteja hakuisoma. Na hujamaliza. Hospitali, Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) au bima ya afya iliyolipia matibabu yako inaweza kudai irudishiwe. Wakidai 7,000, unakwenda nyumbani na 11,800 au 11,200 kati ya zile 30,000 ulizosikia kwenye simu. Muulize wakili kama atajadiliana nao wapunguze, na kama kazi hiyo iko ndani ya ada yake. Halafu swali ambalo karibu hakuna anayeuliza: "Tukishindwa, zile 1,800 analipa nani?" Wengine husema mimi, wengine husema wewe. Iandikwe.

Kuna ada ambazo sheria yenyewe imezifunga. Fidia ya kuumia kazini, ambayo walio kwenye viwanda vya nyama na maghala wanaijua vizuri kuliko walivyotaka, ada ya wakili haizidi asilimia 25 Texas na Georgia. Ulemavu wa Social Security ni asilimia 25 ya malimbikizo, na kwa mkataba wa kawaida ina kikomo cha dola, ambacho mwisho wa 2024 kilipandishwa hadi 9,200. Mtu akikudai zaidi au akitaka pesa mkononi kabla, simama.

Kama mfuko hauruhusu

Ukishtakiwa kwa kosa la jinai linaloweza kukupeleka jela na huna uwezo, unapewa wakili wa utetezi wa umma. Haki hiyo imetoka Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Gideon ya 1963. Usimdharau kwa sababu hulipi. Wengi wao wako mahakamani kila siku. Ila mwambie kwa kinywa chako kwamba wewe si raia. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mahakama hiyo iliamua kwamba wakili wa utetezi lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kosa kutamletea hatari ya kufukuzwa nchini. Padilla alikuwa dereva wa lori aliyekaa Marekani kihalali miaka kama arobaini, na wakili wake alimwambia asijali. Kwa mwenye grinkadi, faini ndogo na kifungo cha nje vinaweza kuwa adhabu nyepesi leo na tiketi ya ndege kesho.

Uhamiaji hauna haki hiyo. Unaruhusiwa wakili, kwa gharama yako. Mahakama ya uhamiaji ina orodha ya mashirika yanayosaidia bure au kwa bei ndogo. Iombe siku ya kwanza.

Kwa nyumba, talaka na madeni kuna ofisi za msaada wa kisheria zinazofadhiliwa na Legal Services Corporation, iliyoanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1974. Louisville ni Legal Aid Society, Houston ni Lone Star Legal Aid, Phoenix ni Community Legal Services. Kipimo chao cha kawaida ni kipato kisichozidi asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa shirikisho. Wakimbizi, waliopewa hifadhi na wenye grinkadi wanaweza kupokelewa. Asiye na makaratasi kwa kawaida hapana, ila mwathirika wa ukatili wa nyumbani au wa biashara ya watu ana mlango wake. Piga mapema asubuhi, foleni zao ni ndefu.

Njia ya katikati ni kumwajiri wakili kwa kipande tu cha kesi: akuandikie jibu la samansi, au asimame nawe siku moja, mengine ufanye mwenyewe. Majimbo mengi yanaruhusu. Ada ya mahakama nayo ina fomu ya kuomba msamaha. Karani anaijua, ila mara nyingi hakuambii usipouliza.

Na dai dogo huenda halihitaji wakili kabisa. Kila jimbo lina kiwango chake cha mahakama ya madai madogo: Kentucky dola 2,500, Ohio 6,000, California 12,500 kwa mtu binafsi, Texas 20,000. California wakili haruhusiwi kukuwakilisha hapo. Amana ya nyumba uliyonyimwa ndiyo kesi ya kawaida. Ohio, mwenye nyumba ana siku 30 za kurudisha, na akikataa bila haki anaweza kulipa mara mbili, mradi ulimpa anwani yako mpya kwa maandishi. Sharti hilo dogo la anwani limewanyima watu pesa nyingi.

Kabla ya kusaini, na baada

Mkataba uchukue nyumbani. Wakili mzuri hatakataa, isipokuwa kama muda unaisha kesho. Msomee mtu anayejua, ukitafuta mambo haya: kazi gani hasa (rufaa imo?), bei na vipande vyake, gharama za nje, hesabu utaletewa kila lini, nani anaamua kukubali suluhu. Jibu la hilo la mwisho ni wewe, kila mara. New York inamtaka wakili atoe barua ya makubaliano ada ikitarajiwa kufika dola 3,000, na California inataka mkataba wa maandishi gharama zikitarajiwa kuzidi 1,000. Jimbo lako lisipolazimisha, omba hata hivyo.

Wakili akinyamaza, usianze na malalamiko kwenye kundi la WhatsApp. Andika barua pepe fupi yenye maswali mawili na tarehe unayotaka jibu. Kukujulisha ni wajibu wake. Akiendelea kunyamaza, unaweza kumwacha wakati wowote, ingawa kesi ikiwa tayari mahakamani huenda hakimu akatakiwa kukubali. Mtafute mwingine kwanza ndipo umwache wa kwanza, maana tarehe zako haziachi kukimbia. Kwenye kesi ya asilimia, wa zamani anaweza kudai alipwe kwa kazi aliyofanya. Mwombe mpya aandike kwamba malipo hayo yatatoka ndani ya theluthi ileile, yasiongezwe juu yake.

Mkibishana kuhusu ada, New York na California zina usuluhishi wa ada ambao mteja akiuchagua wakili hawezi kuukataa. Akiwa amekula pesa zako, kila jimbo lina mfuko wa kuwafidia wateja walioibiwa na mawakili wao. Chama cha mawakili kitakupa fomu. Mfuko huo ni wa wizi. Uzembe ni kesi nyingine, nayo ina ukomo wake wa muda.

Faili lidai kwa maandishi, lote. Wengi siku hizi hulituma kwa barua pepe, lakini ukiambiwa njoo ulichukue, nenda na gari. Nilimsaidia mzee mmoja kubeba lake la ajali ya lori. Yalikuwa maboksi matatu, na la tatu lilikuwa bili za hospitali tupu.